Jogoo wa Baba

Jirani yangu wa sasa ana jogoo anayewika saa sita mchana, jua likiwa utosini. Wapangaji wenzangu humtukana. Mimi huacha ninachofanya nikamsikiliza, maana hunikumbusha Bwana Afya wetu wa Ujiji.

Mwaka ule kuku wetu mweupe alitotoa vifaranga tisa, na saba wakatokea majogoo. Balaa tupu! Walipigana kutwa, wakatawanya dagaa tulioanika, wakamkimbiza mtoto wa jirani hadi chooni. Mama akaanza kuwatafutia kazi. Mmoja alikwenda kwenye maulidi ya madrasa, mmoja kwa mkunga, wawili wakabadilishwa kwa tetea mmoja, wawili tukawala Idi. Akabaki mwekundu, niliyempa jina la Bwana Afya kwa sababu kila asubuhi alipita jikoni kukagua masufuria.

"Huyu haguswi," mama alisema. "Ni wa baba yako, siku akirudi."

Baba alikuwa Kagunga, kwenye uvuvi wa dagaa. Nami, jamani, nilikuwa na miaka minane na nilimpenda yule jogoo kupita kiasi. Alikula mkononi mwangu, akinukia vumbi na pumba. Basi kila nilipomaliza kusali nilimwomba Mungu amcheleweshe baba. Kidogo tu, si sana. Miezi ikapita, na mama akazidi kumnenepesha, akimbeba mara kwa mara kupima uzito wake.

Siku moja muuza mawese mmoja, aliyekuja na boti ya Kagunga, alikaa na mama jikoni wakinong'ona.

"Kajenga kabisa kule, dada," nilimsikia. "Na huyo mwanamke karibu anajifungua."

Sikujua wanamsema nani.

Kesho yake mama alimfunga Bwana Afya miguu kwa kipande cha wavu, akanipa nimbebe, tukapanda gari hadi mwaloni Kibirizi. Akamkabidhi nahodha wa boti ya Kagunga.

"Mpe baba Zuhura, Kagunga. Mwambie ni jogoo wake, nilimwekea."

"Na salamu, mama?"

"Salamu ndiyo hiyo."

Sikulia hata kidogo. Kisu kilikuwa kimemkosa! Nilimpungia mkono mpaka boti ikapotea, kisha nikamfuata mama nikirukaruka, nikamwambia Mungu amesikia dua yangu. Akauliza dua gani. Nikamweleza yote, kwamba niliomba baba achelewe.

Mama alisimama. Akaniwekea sawa ushungi wangu uliokuwa umeteleza, akasema, "Twende, mwanangu, jua kali."

Leo nami nimeolewa, nina watoto, na ninajua tulikwenda kufanya nini Kibirizi. Siku ile mama aliacha kumngoja mumewe, na mimi nikamshukuru Mungu mbele yake kwa furaha. Hakunipiga wala hakunikaripia. Mpaka leo natamani angenipiga.