Magodoro Yaliyokwama Njiani

Kama ungetaka kumjua Dada Mkubwa, ungefika stoo kwetu saa ya chakula cha mchana. Asubuhi usingepata kitu, maana asubuhi maneno yake yalikuwa ya kila mtu. Mchana mdogo wake, yaani bosi wetu, alikuwa akishuka ngazi kutoka ofisini, anapita dukani bila kusema na mtu, anaingia stoo na kuketi juu ya mto mmoja mnene wa sponji uliowekwa pale kwa ajili yake tu. Ole wako ukutwe umeukalia. Kisha anauliza, "Dada, tumekaaje?"

Dada anavua miwani, anaifuta, anamwacha angoje kidogo. Ndipo anaanza: sponji iliyobaki kiwandani, duka la pili linalolia halina mito, mteja fulani ambaye ameanza kukwepa simu. Huku anasema, huku anampakulia kutoka kwenye hotpoti yake. Mimi ni dereva wa lori la kampuni, wananiita Breki, na nimekula yaliyobaki kwenye hotpoti hiyo miaka mingi. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuambiwa na mtu.

Bosi alilelewa na huyu dada. Mama yao alipofariki, dada mtu ndiye aliyeshika nyumba, akawa anashona foronya za magodoro kwa cherehani moja na mdogo wake anazitembeza mitaani. Waliokuja kumposa aliwauliza jambo moja tu, kama angeruhusiwa kuja na mdogo wake. Waliaga kwa heshima na hawakurudi. Foronya zikazaa magodoro, magodoro yakazaa kiwanda kidogo na maduka mawili, na yule kijana akawa bosi mwenye kitambi. Lakini kwa Dada alikuwa bado wa kufutwa mdomo.

Mahesabu yote Dada aliyaweka kwenye programu moja ndogo, katika kompyuta iliyokaa stoo ikifunikwa kitambaa cha maua. Neno la siri alilijua yeye peke yake. Programu ile tuliilipia mara moja tu, tukasahau. Mtandao ukikatika, yenyewe inaendelea. Ilijua kilichonunuliwa na kilichouzwa, nani kalipa na nani bado. Isichokijua ni kile kinachotokea katikati: kwamba bonge moja la sponji likikatwa linatoa magodoro kadhaa, na vipande vinavyobaki vinakuwa mito. Hayo yalikaa kichwani mwa Dada. Ndiyo maana kila swali pale kazini lilikuwa na jibu moja, muulize Dada. Na yeye alikuwa anapenda kuulizwa kuliko watu wengine wanavyopenda kulipwa.

Sasa, bosi alikuwa na mke. Mke huyo alifanya kazi miaka mingi katika kampuni kubwa ya kusambaza bidhaa, na kampuni ilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Bosi akasema aje amsaidie. Meza yake niliipandisha mimi na wapagazi wawili, ikawekwa ofisini juu, ikitazamana na ya mumewe. Dada alisimama chini ya ngazi akaniuliza kama meza mbili zingeenea katika chumba kile. Nikamwambia zimeenea.

"Basi itakuwa wanagusana magoti," akasema, akarudi stoo.

Siku ile hotpoti haikuniachia kitu. Dada aliifunga mapema na kusema hana hamu.

Haikupita muda, wifi yake akaja na habari ya mfumo mpya wa kompyuta. Wenye biashara hiyo wanauita ERP, sisi tuliuita mfumo, na mwenyewe tukambandika jina la Madam Mfumo, kwa sababu neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Alieleza kwamba kiwanda, maduka, stoo, mishahara na lori langu vyote vingekaa mahali pamoja. Sponji ikikatwa kiwandani, mtu wa duka la pili angejua hapo hapo. Na bosi angeona kila kitu kwenye simu yake, popote alipo. Hilo la mwisho alilisema akimtazama mumewe, na mimi nilikuwa namtazama Dada. Aliuma mdomo wa chini mpaka ukapauka.

Dada naye hakukaa kimya. Aliuliza kuhusu ada ya kila mwezi, ambayo inahesabiwa kwa kila kichwa kinachoingia humo. Aliuliza mtandao ukilala tutauza nini, nani atamfundisha fundi wa kukata sponji kubonyeza simu kwa vidole vilivyojaa gundi, na siku tukiuchoka mfumo kumbukumbu zetu zitabaki kwa nani. Yalikuwa maswali mazuri, na Madam Mfumo aliyajibu vizuri. Ukiwasikiliza kwa masikio tu ungesema ni watu wawili wanaoipenda kampuni. Lakini kila mmoja alikuwa hamwiti mwenzake ila "wifi", kwa namna ambayo ungefikiri neno lenyewe lina mchanga ndani.

Bosi alikuwa anawaogopa wote wawili, hivyo akatoa uamuzi wa mtu mwoga. Mwezi mzima tungetumia vyote viwili, programu ya zamani na mfumo wa majaribio, tuone kipi kinatufaa. Kila kitu kikawa kinaandikwa mara mbili. Fundi wa kukata alinuna, wauzaji wakanuna, nami nikapewa simu ya kazi ya kuonyesha nimepakia nini na nimeondoka wapi. Nilikula kiapo kwamba mwezi ukiisha ningeitumbukiza kwenye ndoo ya gundi.

Dada alipofunguliwa mfumo kwa mara ya kwanza, alikuta jina lake limeandikwa "mtumiaji". La wifi yake limeandikwa "msimamizi". Alinionyesha kwa kidole, kama mtu anayekuonyesha jeraha. Nikamwambia ni maneno ya kompyuta tu, hayana maana. Akaniambia nikawashe lori langu.

Tangu hapo wivu ukamkaa kooni. Bosi aliendelea kushuka mchana, lakini alishuka na simu, na Dada akianza kusema habari ya sponji, jicho la bosi linateleza kwenye kioo. Siku moja Dada alimwambia duka la pili limeishiwa mito, bosi akasema, "Nimeona, dada." Alisema kwa upole kabisa. Dada alivaa miwani yake hata kabla hajaifuta.

Wiki ya mwisho ya majaribio nilileta kutoka kiwandani magodoro ya hosteli ya chuo. Kiwandani nilionyesha kwenye simu kwamba nimepakia, nikaondoka. Safari yenyewe ni fupi, hata gia ya mwisho siifikii. Tuliyashusha stoo, Dada mwenyewe akasimamia, akanigombeza kwa kuburuta kona ya godoro sakafuni, akayapanga na kuyafunika turubai. Kazi ikabaki moja. Kwenye mfumo, mzigo ukitoka kiwandani unahesabiwa uko njiani mpaka anayeupokea abonyeze kwamba umemfikia. Nilimkumbusha. Akasema amesikia.

Siku kadhaa baadaye hosteli ikapiga simu, wanataka kujua kama magodoro yao yako tayari, gari lao linakuja. Bosi akamgeukia mkewe, na mkewe, ambaye aliingoja nafasi kama hiyo mwezi mzima, akafungua mfumo mbele ya Dada aliyekuwa ameitwa juu kwa mambo mengine. Mfumo ukajibu kwamba magodoro yalitoka kiwandani tangu mwanzo wa wiki na mpaka saa hiyo yako njiani. Namba ya lori ilikuwepo. Jina la dereva lilikuwepo. Nikaitwa.

"Breki," bosi akasema, "magodoro ya hosteli umeyapeleka wapi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuna aliyecheka nami. Nimewahi kushukiwa na askari wa barabarani, na mke wangu hunishuku kila mwisho wa mwezi, lakini kushukiwa na kompyuta kulikuwa kugeni kwangu. Nikasema niliyashusha stoo siku ile ile.

Bosi akauliza nani aliyapokea. Nikamtazama Dada, naye alikuwa anatazama dirisha. Ulimi ulikuwa tayari kabisa kumtaja, nitakudanganya nikisema vinginevyo, ila nilikumbuka zile hotpoti nikaumeza. Madam Mfumo akasema polepole kwamba mfumo haumwiti mtu mwizi, unasema tu nani alishika mzigo mara ya mwisho. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ni kuitwa mwizi kwa adabu. Bosi akavuta pumzi, na nikaona kazi yangu inaniaga.

Dada angenyamaza tu, angeshinda. Gari la hosteli lingekuja, turubai lingefunuliwa, mfumo ungeonekana ni mwongo na wifi yake ameaibika. Mimi ningebaki na doa dogo ambalo watu wangelisahau taratibu. Nadhani alilipima hilo, maana alichukua muda.

"Muache dereva," akasema. "Yako kwangu. Nimeyapanga mwenyewe."

Bosi akamuuliza mbona hakuyapokea kwenye mfumo, au kitufe hakukiona.

"Nimekiona. Nikibonyeza, unajua. Ukishajua, utashuka kufanya nini?"

Hakulia. Alisema na mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho hakiuzwi.

Wa kusema akawa Madam Mfumo. Aliifunika kompyuta yake kwanza.

"Na mimi unadhani niliutaka kwa ajili ya magodoro? Wifi, miaka yote naweka chakula mezani. Anafika ameshakula kwako, ameshaongea kwako. Mimi naletewa usingizi tu. Nikasema akiyapata yote kwenye simu, labda atarudi nyumbani na maneno kidogo."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya meza mbili, nikitamani kuwa njiani kweli. Wale wanawake walitazamana, kila mmoja kama ndiyo kwanza anamuona mwenzake. Mwanamume mwenyewe akafanya wanachofanya wanaume wakiguswa mahali pasipo na dawa. Akarudi kwenye kazi. Akasema mfumo tutauchukua, kwa sababu programu ya zamani isingejua hata kwamba kuna kitu kimekwama. Alikuwa sawa, na hakuna aliyempinga. Dada akashuka akabonyeza. Mchana ule alinipakulia mimi kwanza, sahani iliyojaa, na huo ndio msamaha pekee nilioombwa.

Sasa ngoja nikwambie mfumo ulitufanyia nini. Kazi ilinyooka, lazima niseme ukweli. Mito ikawa haiishi dukani, fundi wa kukata akazoea, na simu yangu sikuitumbukiza popote. Kitambaa cha maua kikafuliwa kikawa cha kufunikia hotpoti. Bosi alijaribu kushuka kama zamani, lakini anaketi kwenye mto wake na hana la kuuliza. Dada akianza, yeye anamalizia. Mwisho akaacha kushuka. Dada alisubiri siku chache huku amepakua, chakula kikapoa.

Usifikiri basi bosi alikwenda kwa mkewe. Mchana alibaki juu na simu, anafungua na kufunga, anatazama magodoro yakihama kutoka kiwandani hadi dukani. Mkewe alikaa mbele yake, magoti yanagusana kweli, na hakuna neno. Nyumbani pia alikuwa hivyo, simu iko kando ya sahani.

Siku moja Madam Mfumo akashuka stoo na chakula chake mkononi. Alikuja kumlalamikia mume kwa mtu pekee ambaye angeelewa. Akasimama mlangoni, maana hapakuwa na pa kukaa ila ule mto. Dada aliutazama mto kwa muda. Kisha akausukuma kwa mguu kuelekea kwake.

Kuanzia hapo wakawa wanakula pamoja kila mchana. Mfumo unaonyesha nani amefungua nini, kwa hiyo wanamfuatilia bosi humo humo. Mmoja anasema ameingia tena kutazama mito ya duka la pili, mwenzake anasema na jana alikuwa humo mpaka chai ikapoa. Walivyokuwa wakiisema ile simu, ungedhani ni mke mwenza. Wakishachoka kuisema wanahamia mambo mengine, vicheko vinaanza, nami natolewa nje na sahani yangu.

Juzi bosi aliniita juu kunipa funguo za geti la kiwanda. Simu ilikuwa mkononi, lakini haitazami. Kicheko cha Dada kilikuwa kinapanda ngazi, cha wifi yake kikikifuata nyuma. Akaniuliza kama wamo wote wawili. Nikasema wamo, wanakula.

"Nani kakalia mto wangu?"

Nikamwambia. Akageuza simu kifudifudi mezani. Aliuma mdomo wa chini, na mdomo ule ulivyopauka nikaona ni wa dada yake mtupu.

"Wanaongea nini siku zote hizi?"

"Sijui, Bosi," nikamwambia. "Shuka ukaulize."