Mita Sabini za Kulengea Shabaha

Nilianza kulenga shabaha kwa upinde nikiwa na miaka thelathini na tisa, umri ambao wanawake wa ofisi yetu pale Kitale hujiunga na vikundi vya kununuliana sufuria. Nilijifunza kwenye kozi ya wiki mbili, nikarudi na upinde wangu mwenyewe na kiburi kidogo. Mwaka jana nikasikia kwamba baada ya wiki sita kutakuwa na mchujo wa timu ya kaunti. Sioni haya kusema: nilitaka kuchaguliwa kwa roho yangu yote, kwa sababu sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote isipokuwa kuwaandalia wageni chai. Kilichokosekana ni mahali penye urefu wa mita sabini, pasipo na watu mbele.

Kitale yote haina mahali kama hapo. Msimamizi wa uwanja wa michezo aliushika mshale wangu kwa vidole viwili.

“Madam, hii iko na sumu?”

“Haina.”

“Sasa kama haina sumu, inasaidia aje?”

Akanituma nilete barua ya polisi. Polisi wakanituma nilete barua ya uwanja. Nikaona heri niende kwa mchungaji mmoja mwenye ukumbi unaokaa bure siku za juma, angalau nijifunze kusimama sawasawa. Alikubali haraka mno, nami sikujiuliza kwa nini. Siku ya tatu nikakuta akina mama saba wanaomba kando ya ukuta, na mmoja akanipa karatasi iliyokunjwa niibandike kwenye shabaha. Ndani mlikuwa na jina la mama mkwe wake. Kumbe mchungaji alikuwa ametangaza kwamba Mungu ameleta mtu wa kuirudisha mishale ya adui! Nikamwambia mimi ni karani tu.

“Usidharau kipawa, dada,” akasema, tena kwa uchungu. Nikafungasha.

Zikabaki wiki tatu. Nikakumbuka shamba la baba kule Bungoma, upande wa Myanga. Baba alishafariki, mama yupo, na ndugu zangu wawili wanalima mahindi. Mavuno yalikuwa yamekwisha, shamba li wazi. Mtu akikosa kwingine kote, si ana kwao? Nikachukua likizo, nikafika Jumamosi asubuhi, nikamsalimu mama, nikashuka shambani na utepe wa kupimia. Nikapima mita sabini, nikasimamisha shabaha, nikapigilia vigingi vinne ili mstari wangu usipinde.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, mtu anayepima shamba na kupigilia vigingi hachezi, anakata fungu lake la urithi. Sijatoa hata upinde kwenye mfuko, ndugu yangu mkubwa akafika, nyuma yake mdogo wake, majirani wanne, na mzee wa kijiji na kitabu chake kwapani.

“Sista, si ungesema tu? Ati unakuja na tepu kama savea!”

“Nataka kufanya mazoezi ya mishale. Wiki tatu tu.”

“Mishale.” Akawatazama majirani, wakacheka naye. “Mtu mzima ametoka Kitale kuja kurusha mishale. Sema ukweri, bana.”

Basi nikatoa upinde, nikalenga, nikaachia. Mshale ukaingia katikati kabisa, kwa mita sabini, mara ya kwanza maishani mwangu. Hakuna aliyeona. Wote walikuwa wanatazama vigingi.

Wakafanya kikao kutwa nzima sebuleni kwa mama, kisha wakaniita nisomewe karatasi. Nimepewa kipande cha urefu wa mita sabini na upana wa mita sita, kando ya mto, changu milele, na kwa kukipokea sitadai tena chochote katika shamba la baba. Mzee wa kijiji akasema nina bahati, mabinti wengi hawapati hata hiyo. Ndugu yangu akanipa kalamu kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaichukua karatasi, nikaisoma mwenyewe. Shamba hilo nimelipalilia tangu nikiwa na miaka sita, na sikuwa nimewaza kudai hata mtaro. Lakini watu wazima hawakai kutwa wakitunga karatasi ya kumnyima mtu kitu kisicho chake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. “Usiandike hapo, mwanangu,” akasema. “Mimi ndugu zako waliniwekesha kidole hivyo hivyo tukitoka kuzika baba yako, na mpaka reo sijui karatasi ilisema nini.”

Nikarudisha kalamu.

Jumatatu nikapeleka kwa chifu madai ya mama na yangu juu ya shamba, naye akatuita sote siku ile ile ya mchujo. Nilikwenda kwa chifu, na njiani nililia kidogo. Mama alivaa nguo yake ya kanisani. Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi, na ndugu yangu mkubwa akaja akasimama mbele yetu, akinibembeleza nirudi nyumbani nikafanye mazoezi, wiki tatu, mwaka mzima, nikitaka nitumie shamba lote, mradi tu nisiingie mle ndani.