Mlolongo wa Maziwa

Mwalimu wa darasa la mtandaoni la kuandika programu kwa Python alituambia tufanye zoezi kwa data tunayoijua wenyewe. Wenzangu wa Nairobi wakachukua stendi za magari. Mimi, kwa kiburi changu, nikachukua daftari la bibi.

Bibi alikuwa mkunga, alizalisha karibu kisiwa kizima cha Pate, na daftarini, kwa herufi za Kiarabu, aliandika mtoto yupi alinyonyeshwa na nani. Kwetu hilo si jambo la mchezo. Walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Alipokuwa hai, posa ikija watu humwendea yeye kwanza. Tangu afariki wanaulizana kwa kukumbuka tu.

Nami nilikuwa nimeposwa na mtu wa Kizingitini, harusi imebakiza wiki tatu. Mama zetu walikwisha kuulizana wakaridhika: mimi nilinyonyeshwa na jirani yetu hapa Pate, mchumba wangu akanyonyeshwa na mwanamke wa Kiunga, mama yake alipougua. Wanawake wawili, miji miwili. Basi, yakaisha.

Programu yangu ilitafuta mlolongo mfupi kuliko yote kati ya watu wawili. Mrefu haudhuru kitu. Mfupi ndio wa kuogopwa. Niliingiza na ndoa alizoziandika bibi humo, kwa sababu mwanamke akinyonyesha, mumewe naye ni baba wa mtoto yule. Kwa watu kumi na watano ilijibu papo hapo. Nilipofika mia nne nikaijaribu kwa jina langu na la mchumba wangu, kujifurahisha tu, ikakwama. Niliiwasha baada ya adhuhuri, alasiri ikaingia, kompyuta imepata moto hata haipakatiki.

Mama alikuwa karibu, anapinda shela langu la harusi. "Hiyo ndia gani isiyo mwisho?" akauliza.

"Inatafuta njia, mama."

"Kama hakuna kitu, mbona haisemi?"

Ningeizima pale pale, nikaolewa zangu. Lakini mimi ni mbishi tangu utotoni, na kosa nilikwisha kuliona: programu ilikuwa inajaribu kila njia inayowezekana, mtu yule yule ikimrudia kupitia njia nyingine maelfu ya mara, na kila nikiongeza watu wachache muda unazidi maradufu. Nikaiandika upya. Watu wakapangwa kwenye foleni, na aliyekwisha kupitiwa akatiwa kwenye seti asirudiwe. Kila mtu mara moja, kila uhusiano mara moja. Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Ilijibu kabla sijaondoa kidole.

Majina matano. Langu. Jirani aliyeninyonyesha. Mumewe. Mwanamke wa Kiunga, aliyekuwa mke wa mume huyo huyo kabla hawajaachana. Mchumba wangu.

Nikaiendesha tena, na tena, kama mjinga. Nikafungua daftari nikitamani niwe nimesoma vibaya, na mwandiko wa bibi ulikuwa safi kuliko wa kitabu. Ningeweza kufuta mstari mmoja wa ile ndoa. Hakuna mtu angejua, na nilitaka, sisemi uongo. Mama aliinua macho kutoka kwenye shela akaniona nalia.

Yule mwanamke wa Kiunga yuko hai. Alipoulizwa alisema ndiyo, alimnyonyesha mchumba wangu miezi miwili, wakati huo bado yumo kwenye ndoa ile. Jirani yetu naye akasema yake. Kadhi aliwasikiliza wote wawili, akauliza mara ngapi na lini, kisha akasema baba wa maziwa ni mmoja, ndoa haipo.

Kesho yake aliyekuwa mchumba wangu alikuja nyumbani. Mama alimfungulia, akatuacha chumbani wawili peke yetu, akaenda zake jikoni. Muda wote wa uchumba hakuwahi kunigusa hata ncha ya kidole, maana ilikuwa haramu. Sasa alikuwa kaka yangu. Alininyooshea mkono, nikaushika.