Nyuzi za Kamba ya Kalenga

Harufu ya mafunjo yaliyolowa, ikichanganyika na moshi wa samaki, ndiyo inayonirudishia majina yao, basi nianze na majina. Tulikuwa watu watano. Wa kwanza ni Numbi, dada mkubwa wa mama yangu, tuliyemwita Mama Mukubwa. Yeye hakujaliwa mtoto. Wa pili ni mume wake, Kalenga, mvuvi na msokota kamba. Wa tatu ni Kyungu, mjane, dada yake Kalenga, ambaye mdomo wake haukupumzika hata akiwa anatafuna. Wa nne ni Salumu, mchuuzi Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema. Yeye hakuwa ndugu wa yeyote pale, lakini alikuwa amenunua samaki wa Kalenga kwa miaka mingi hata Kyungu akawa anamwita shemeji kwa utani. Wa tano ni mimi, Kabange, pacha wa Mbuyu. Nilikuwa na miaka kama tisa hivi. Mbuyu hakuwepo. Alikuwa na kidonda mguuni, akabaki Kamina kwa baba na mama.

Baba yetu alifanya kazi ya reli Kamina, na mwaka ule masista walikubali kutupokea sisi wawili katika shule yao ya wasichana. Kwetu Waluba, pacha hawagawanywi: ukimpa mmoja, mwenzake naye umpe. Mama alishona magauni mawili ya bluu, akanunua vibao viwili vya kuandikia. Mimi nilipelekwa ziwani Kisale kwa Mama Mukubwa nimalize kiangazi huko, halafu Salumu anirudishe Kamina kabla shule haijafunguliwa. Safari yenyewe ilikuwa hivi: mtumbwi mpaka mtoni Lualaba, stima mpaka Bukama, kisha treni mpaka Kamina. Stima ilipita mara moja tu kwa juma. Nilijua hesabu hiyo kuliko nilivyojua jina langu, maana Mbuyu alikuwa ameniambia, "Usipofika, na minyi sitaingia," yaani na yeye hataingia shule.

Asiyejua Kisale ataniona mwongo nikisema kwamba tuliishi juu ya maji. Mafunjo ya ziwa lile hushikana mizizi, yakawa tabaka nene linaloelea, na watu wakatandika matete makavu juu yake, wakajenga kibanda, wakafuga na kuku. Unapokanyaga unahisi chini panabonyea kidogo, na ukipita mahali ambapo hapajatandikwa, unazama mpaka kifuani. Kisiwa cha namna hiyo kisipofungwa, upepo wa kiangazi hukisukuma popote unapotaka. Kalenga alikuwa amekifunga chetu kwa kamba nne, kila moja kwenye mti mrefu uliokitwa ndani ya tope. Kamba hizo alizisokota mwenyewe kwa nyuzi za magome, nene kama mkono wangu, na watu wa mbali mpaka kijiji cha Mulongo walimjua kwa kamba zake.

Kazi yangu pale ilikuwa kujifunza ndoano. Mama Mukubwa alinifundisha polepole, nami nafundisha vitukuu vyangu vilevile mpaka leo. Kwanza chelezo, kipande cheupe cha moyo wa funjo, chepesi, unakifunga kwenye uzi ili kikuonyeshe samaki anapogusa. Kwa perege unaweka kidonge cha bukari, ule ugali wetu, kidogo kama harage. Kwa kambale unaweka nyungunyungu, afiche chuma chote. Kaa upande ambao kivuli chako hakianguki majini. Perege anagongagonga, chelezo kinacheza, na ukivuta wakati huo umepata maji matupu. Kambale hagongi, anaondoka nacho taratibu kama mtu anayehama nyumba. Umwache aende, chelezo kizame kabisa, ndipo uvute. Na ukimtoa, mshike nyuma ya kichwa, maana ana mwiba kila ubavu. Nilikosa, nikachomwa, nikakosa tena. Mama Mukubwa alikuwa akiniambia, "Ngojea. Samaki naye iko na akili yake, haiko mutumishi yako."

Shida yangu ilikuwa uzi. Kila siku ndoano ilinasa kwenye mizizi ya mafunjo na uzi ukakatika. Mama Mukubwa alinipa wa pili, akanipa wa tatu, kisha akasema basi, sasa ungoje Salumu aje na mwingine. Nami nilikuwa nimeshaonja utamu wa kuvuta samaki. Kukaa bure sikuweza. Nyuma ya kichanja cha kukaushia samaki palipita kamba moja kati ya zile nne. Nilichomoa uzi mmoja kwa chini, mahali pasipoonekana. Ulitoka kwa urahisi, mrefu, mgumu kuliko uzi wa Salumu. Kesho yake nilichomoa wa pili. Sikuona kama naiba wala kama naharibu, kamba ilikuwa nene mno. Nilipoacha kuhesabu nilikuwa nimefika nyuzi sita au saba, nimeziunga kwa mafundo, na kwa uzi huo nilitoa kambale mrefu kama mkono wa mtu mzima. Kyungu alimtazama yule samaki, akamtazama kaka yake. "Kalenga, fungula macho. Bibi yako amepata bwana mupya wa kumulisha, naye haina hata meno yote."

Salumu alifika alasiri moja na mtumbwi wake, kunichukua na kuchukua samaki wakavu. Stima ilikuwa ipite siku ya tatu yake, tukapanga kuondoka asubuhi. Asubuhi hiyo nilipoamka, jua lilikuwa linaingia kwa nyuma ya kibanda. Mlango, ambao siku zote ulitazama maji meupe, ulitazama ukuta wa mafunjo marefu kuliko Kalenga mara mbili. Nje Salumu alikuwa amesimama na mkeka wake mkononi, anatazama jua, anatazama kibanda, akasema, "Jana niliomba nikielekea mlango. Leo mlango umeenda wapi?" Upepo ulikuwa umevuma kwa nguvu. Kamba moja ilikatika, kisiwa kikazunguka, kikang'oa miti ile mitatu mingine, kikaenda kujibanza katikati ya mafunjo. Njia tuliyopitia ilikuwa imezibwa, na mbele yetu hapakuwa na njia.

Kalenga na Salumu walianza kukata kwa mapanga siku ileile. Ukikata funjo linaelea, linarudi, linaziba pale ulipokata. Mtumbwi huwezi kuuvuta juu yake na miguu huwezi kuikanyagisha. Jioni walikuwa wamesogea urefu wa mitumbwi miwili. Kalenga aliketi, akaikamata ncha ya kamba iliyokatika, akaigeuzageuza. "Kamba yangu haioze mwaka moja," alisema.

"Kamba haikuoza, ni vidole njo vimeoza," Kyungu akajibu. "Umezeeka, muzee. Kubali tu."

Kalenga alivitazama vidole vyake, akakubali mbele yetu sote kwamba huenda ni hivyo. Siku iliyofuata alifumua kamba zote tatu zilizobaki, akaanza kuzisokota upya, na mimi nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwake nikipasua samaki, uzi wangu nimeukalia.  Kila nilipofungua mdomo niliona ule mkono wake unavyopima nyuzi, nikaufunga.

Siku ya tatu tukasikia stima. Honi yake ilikuja kutoka mbali, juu ya mafunjo, mara mbili kama kawaida yake, kisha mlio wa mashine ukapungua taratibu mpaka tukabaki na kelele za ndege. Salumu alivua kofia yake, akakaa chini. Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililoniambia kwamba wote walikuwa wananifikiria mimi. Nililia bila sauti, nikafikiria Mbuyu amekaa kitandani na gauni lake, na langu limekunjwa kando yake. Pande zote nne ulikuwa ukuta uleule wa kijani. Mbu waliingia mchana kama usiku. Maji chini yetu yalinuka kuoza. Nilianza kuwaelewa samaki ndani ya mgono, ule mtego wa kusuka, wanaona mwanga, wanaona maji, na mlango walioingilia hawauoni tena.

Unga uliisha siku ya tano, na samaki wakavu nao. Kutoka hapo tulikula nilichovua mimi, maana wanaume walikuwa kwenye mapanga, Kyungu macho hayakumtii, na Mama Mukubwa hakuwa na uzi tena. Nilivua kwa uzi uleule, maana Salumu alikuwa amekuja bila mwingine. Nilikaa kwenye tundu dogo la maji nyuma ya kichanja kutwa nzima, na kwa kweli ndipo nilipokuwa mvuvi, kwa siku zile, kwa njaa ya watu watano. Mama Mukubwa alikuja mara moja akaketi karibu nami. Alichukua uzi wangu, akaupitisha katikati ya vidole, fundo moja, fundo la pili, mpaka mwisho. Akanirudishia. Akaenda kuchochea moto.

Siku ya nane watu wa Sanga, kijiji cha ukingoni mwa ziwa, waliokuwa wameona moshi wetu mahali usipopaswa kuwa, walikata mafunjo kutoka upande wao wakatufikia. Salumu alirukaruka kama kijana. Akanishika bega. "Stima inapita kesho kutwa. Masista banapokea batoto mpaka mwisho ya juma hii. Tunafika, mwanangu. Chukua bitu yako."

Nilikuwa nakunja kitenge changu Mama Mukubwa aliponiita nyuma ya kichanja. Hakuwa na hasira. Alinifuta uso kwa ncha ya nguo yake, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa misa.

"Ile kamba," alisema, "Kalenga akijua ni weye, haya itamuua, kwa sababu alishakubali mbele ya bantu kama ni vidole vyake. Minyi sitamwambia. Weye bakia na minyi."

"Na masomo?"

"Masomo iko kila mwaka. Mbuyu iko na mama yenu. Minyi niko na nani?"

Nikatoka mbele yao. Mtumbwi ulikuwa umeshapakiwa, Salumu ameshika upondo. Nikasema nabakia. Akaniuliza kama nimeogopa stima. Nikamwambia hapana, napenda kuvua. Kalenga akacheka, mara ya kwanza tangu kamba ikatike, akaniwekea mkono kichwani, akasema huyu sasa ni mutoto wetu. Kicheko kile nakisikia bado. Salumu alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akasukuma mtumbwi.

Mwaka uliofuata hakuna aliyekuja kunichukua. Baba alisema anayependa maji aachwe kwenye maji. Mbuyu aliingia shule peke yake, akalia juma zima, kisha akazoea, akawa mwalimu. Mimi niliolewa palepale ziwani. Kalenga hakufunga tena kisiwa. Alisokota kamba, na akawapa wengine wafunge, mpaka alipokufa. Mama Mukubwa alinipenda sana. Hilo nalisema bila kupunguza, na bila kumsamehe kila siku.

Sasa niko Kamina, nyumbani kwa mwanangu, karibu na reli, na Mbuyu anakaa nami, wajane wawili katika chumba kimoja. Samaki wa Kisale wanafika sokoni kwa baiskeli, wadogo kama vidole, kwa sababu nyavu za siku hizi hazina matundu ya kuwapitisha watoto wao. Vitukuu vyangu vya kike vinapanda pikipiki asubuhi kwenda shule, vinalalamika, vinasema shule inavifunga. Navitazama. Mimi herufi nilizijua parokiani, nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe, na kalamu mpaka leo naishika kama ndoano.

Kama mko watoto wa Salumu, au ukoo wa Kyungu, au watu wa Sanga ambao wazee wenu walitukatia njia, na mnaona nimekosea siku au jina, nisahihisheni, sitachukia. Siku nane huenda zilikuwa tisa. Mbuyu naye atasoma, maana ndiye anayenirekebishia maandishi. Dada yangu, miaka hii yote umewaambia watu kwamba pacha wako alipenda maji kuliko kukaa na wewe, nami nilikuwa nimeketi pale nikakuacha useme. Anza kusahihisha hapo.