Yule Mama Anayeongea Katikati ya Solo

Mume wangu alipokufa, wapenzi wa muziki wa Mzee waliniachia kiti chake. Sikukiomba. Jumapili ya kwanza baada ya matanga kuisha, fundi wa simu, ambaye ndiye rais wao, alikuja mpaka mlangoni kwangu na kofia mkononi.

"Mama, kiti ya tata iko paka pale," akasema, yaani kiti cha mume wangu kipo tu palepale. "Hatuwezi kuikalia. Kuya weye."

Nikaenda. Siku hizo mtu akiniambia njoo, nilikuwa naenda. Akiniambia kula, nilikuwa nakula. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mume wangu alikufia kitandani mwetu, asubuhi, wakati nachemsha maji ya chai, na mimi nilipomkuta nilirudi jikoni nikayaondoa maji motoni kwanza, nikafunika sufuria, ndipo nikaita majirani. Mawifi zangu walitoka Lubudi wakalia mpaka sauti zikakauka. Walinitazama kwa jicho baya kwa kuwa mimi sikulia, na sikujali.

Inafaa nieleze hawa wapenzi ni watu gani. Mzee ni mpiga gitaa la umeme wa ng'ambo ya mpaka, kwenye ule upande mwingine wa nchi ya shaba, mmoja wa wale waliopiga rock wakati sisi ni vijana, nywele timtim, suruali pana chini, gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa barabarani. Sasa amezeeka, anaishi Ulaya, na tangu miaka michache anafungua makabati yake na kutoa matamasha ya zamani, albamu moja baada ya nyingine. Kila inapotoka moja, tunakutana hapa Kolwezi, nyuma ya duka la fundi, baada ya misa, tunaisikiliza, halafu tunagombana. Nasema tunakutana, lakini ni watu wanne tu: fundi mwenyewe, karani mstaafu wa kampuni ya migodi ambaye havui tai hata jua likiwaka namna gani, mchimbaji mmoja wa makamo wa Mutoshi anayeshuka shimoni na nyimbo za Mzee masikioni, na mimi. Wengine tuko nao kwenye kundi la simu. Wako Lubumbashi, wako Ndola, wako Ubelgiji, na wote ni wakali.

Sheria ni moja: wimbo ukipigwa, hakuna kuongea. Malori ya madini yanaweza kupita nje mpaka viti vitetemeke na vumbi liingie kwenye glasi, hakuna anayefungua mdomo. Wimbo ukiisha ndipo vita vinaanza.

"Ile ya mbele inashinda hii," karani alikuwa anasema karibu kila mara. "Pale alikuwa na ule mupiga ngoma wa kwanza. Huyu wa pili anakimbia sana, sawa vile anafukuzwa na polisi."

"Weye unapenda paka bitu ya kulala," mchimbaji anamjibu. "Rock iko ya kukimbia."

"Rock iko ya kusikiliza!"

"Kama unataka kusikiliza, baki ku misa."

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti cha marehemu, nashika glasi ya fanta, nawaangalia midomo. Zamani ningecheka, maana karani akikasirika tai yake inapanda yenyewe. Nilikuwa naona kwamba ni kitu cha kuchekesha, lakini kicheko hakikuja.

Siku moja tukiwa kwa fundi, watu wa Mzee, wale wanaomtolea albamu huko Ulaya, waliandika kwenye kundi wakiuliza kama kuna mwenye kanda ya tamasha la Kolwezi. Mzee alipiga hapa usiku mmoja tu, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa migodi, na hakuna aliyerekodi rasmi. Wenzangu wote watatu waligeuka wakaniangalia. Kanda hiyo ilikuwa ya mume wangu, na kila mtu alijua, kwa sababu alisimulia habari yake mpaka watu wakachoka: jinsi walinzi wa mlangoni walivyokuwa wakinyang'anya mashine, na jinsi yeye alivyopita kifua mbele, redio-kaseti ndani ya koti.

Ndani ya koti! Ile mashine ilikuwa na ukubwa wa jiko la mkaa, na betri zake zilikuwa nzito kama mawe. Ukweli ni huu. Jioni ile, nyumbani, aliiangalia mashine, akaniangalia mimi, akaniambia, "Geuka." Nikageuka. Akaifunga taulo, akaiweka mgongoni kwangu, akazungusha kitenge, akakaza fundo kifuani, na juu, pale maikrofoni ilipochungulia nyuma ya shingo yangu, akavalisha kofia ya sufu ya mtoto mchanga. Tukapita. Mlinzi alinipisha njia akasema mtoto amelala vizuri.

Kwa hiyo aliyerekodi tamasha la Kolwezi ni mgongo wangu. Sikuwahi kumwumbua mbele ya rafiki zake. Nilikuwa napitisha karanga naye anasimulia koti lake, na tukibaki wawili namwambia, "Na hilo koti lilikuwa linaumwa kiuno, eh?" Naye ananibusu kichwani. Watoto hatukupata. Nalisema mara moja tu, niendelee.

Katikati ya tamasha Mzee aliingia kwenye solo moja ndefu ambayo ilikuwa kama haitaki kwisha, na mlinzi akaja kusimama karibu nasi, bega kwa bega. Kiuno kilikuwa kinanikatika. Nikamgeukia mume wangu, nikasema kwa sauti ya kawaida, ili mlinzi asikie ni mazungumzo ya watu wenye mtoto: "Mi nachoka. Nimushushe?" Naye, uso mkavu kabisa, akajibu: "Usimushushe, mama. Ataamuka." Halafu ikamshinda. Aliinama akacheka shingoni kwangu, palepale kwenye maikrofoni. Tulikuwa tumeoana si muda mrefu. Nilihisi pumzi yake na nikafikiri, huyu mtu atanichekesha mpaka nizeeke.

Hayo ndiyo yake yaliyokuwa kwenye kanda: maneno matatu na kicheko. Sina sauti yake mahali pengine popote. Hakupenda simu, alikuwa mtu wa kupiga na kukata, "niko njiani", basi.

Fundi alipata mashine ya zamani kwa karani, nikampa kanda. Aliinakili kwenye simu mara moja, huku akihudumia wateja bila kuisikiliza, ikaenda mpaka mwisho, na alipotaka kuirudisha nyuma ikakatika vipande. Aliniletea vile vipande kwenye mfuko wa plastiki, anaomba msamaha kama mtu aliyeua kuku wa jirani. Nikamwambia si kitu. Akaniuliza kama nataka kuisikiliza yote kwenye simu yake kabla hajaituma Ulaya.

"Siku ingine," nikasema.

Watu watafikiri niliogopa kulia. Hapana. Niliogopa kuisikia sauti yake nikakaa vilevile, na glasi ya fanta mkononi. Kama hata kicheko kile kingepita bila kunigusa, basi ningejua kwamba mimi nami nimeshaondoka, kimebaki kinachokwenda sokoni na kurudi. Afadhali kutojua. Nilijiambia kiko pale, hakiendi popote, nitakisikiliza nikiwa tayari.

Fundi akatuma kipande kwenye kundi ili watu waonje. Kilikuwa kipande cha ile solo, nacho kilikatikia pale mwanamke anaposema "Nimushushe?" Sauti ya mwanamke ilikuwa kubwa kuliko gitaa, bila shaka, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa karibu na maikrofoni kuliko kitu chochote ukumbini.

Kundi liliwaka moto. Nani huleta mtoto kwenye rock? Mama gani huyo hana adabu? Solo bora ya maisha ya Mzee, na mtu anapiga domo! Bwana mmoja wa Ndola aliapa kwamba mtoto mwenyewe anasikika akilia. Mwingine, wa Ubelgiji, aliandika maelezo marefu kwamba ule mlio unaopanda na kushuka ni kifaa cha siri ambacho Mzee alikuwa akikikanyaga kwa mguu mwaka ule. Ni mimi, nilikuwa nayumbayumba nikibembeleza mashine kama mtoto. Hakuna aliyeitambua sauti yangu ya ujana, na ningeweza kuieleza kwa mstari mmoja tu. Lakini rafiki zake waliamini koti, walilisimulia hata kwenye mazishi, karani alilitia kwenye hotuba yake pale kaburini. Na kusema kweli hata kidole cha kuandika kilikuwa kizito.

Watu wa Mzee wakajibu kwamba siku hizi iko mashine inayoweza kuondoa sauti za watu na kuacha gitaa. Wakatuuliza sisi wa Kolwezi, kwa kuwa tamasha ni letu: tusafishe au tuache?

Jumapili ile tulikaa kuamua. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Kingamyambo, kwenye vumbi la mabaki ya madini, na fundi alikuwa amefunika spika zake kwa taulo.

"Mi niko mutu wa archive, wa kutunza bitu ya zamani," karani akaanza, "na archive haigusiwe. Mais lakini ule mama anapita mupaka."

"Mi nahurumia paka mutoto," mchimbaji akasema. "Makelele yote ile, na usiku! Mama wa namna gani ule?"

"Pengine hakukuwa na mutu wa kumuachia," fundi akasema, maana ana moyo mwema. "Lakini banangoja jibu leo. Mwenye anataka batoe sauti, anyanyue mukono."

Mikono mitatu ikapanda. Wakaniangalia. Fundi akaniuliza taratibu, "Na weye, mama? Kanda iko ya tata. Ukikatala, tunaacha."

Nilijua vizuri nini kilikuwa nyuma ya lile swali la mwanamke. Nilijua kwamba mashine haitachagua, itatoa yangu na yake pamoja. Nilikuwa na muda wa kusema. Mchimbaji alinisukumia kisahani cha karanga, akidhani nafikiria. Sikuwa nafikiria chochote. Nilinyanyua mkono kwa sababu mikono yao ilikuwa juu, na kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuufungua mdomo.

"Aksanti, mama," wakasema wote.

Albamu ilitoka msimu wa mvua ulipoanza. Fundi alitununulia bia, nami fanta yangu, akapangusa spika, akavaa shati jeupe. Kabla ya kuanza alisimama akatoa taarifa kama rais.

"Ile chafu nimeifuta, ilikuwa inajaza simu bule. Sasa tuko na safi."

Nilimsikia. Nilifikiri, huko Ulaya labda wamebaki nayo. Tangu hapo nimewaandikia mara kadhaa. Watu wa Mzee hujibu shukrani, maswali hawajibu.

Akaanzisha. Tukanyamaza. Wimbo wa kwanza, wa pili, watu wakipiga makofi mbali, kama wako kwenye nyumba nyingine. Halafu ile solo. Sikuwa nimeisikia miaka mingi, lakini mwili wangu ulikuwa unaijua. Kiuno kilijinyoosha chenyewe kwenye kiti. Gitaa linapanda, linapanda, linafika mahali linasimama kidogo kabla ya kuteremka. Ni pale. Nilikuwa nimeshageuza shingo upande wake kabla sijajua nafanya nini.

Gitaa likateremka. Pale katikati palikuwa pasafi, pamefuliwa, hapana mtu. Hapakuwa na mwanamke, hapakuwa na mume wake.

Kitu kilinitoka tumboni. Sikujua kwamba ni sauti yangu mpaka nilipowaona wenzangu wameganda. Nililia kwa mdomo wazi, kamasi, mate, fanta imenimwagikia miguuni, nililia kama mawifi zangu walivyolia, na zaidi. Hakuna aliyenigusa wala kuniambia pole. Wimbo ulikuwa unapigwa, na wakati wimbo unapigwa hakuna kuongea. Waliniacha hivyo, macho chini, kwa heshima, mpaka solo ikaisha.

Karani alilegeza tai. Macho yake nayo yalikuwa na maji.

"Munaona?" akasema. "Munaona kazi ya kusafisha? Hata mama!"

"Njo rock ile," mchimbaji akasema, kwamba rock yenyewe ndiyo hiyo.

Fundi alikuwa ameshachukua simu, anaandika kwenye kundi kwamba hapa Kolwezi mjane wa yule aliyerekodi ameisikia safi na amelia mbele ya wote. Mioyo myekundu ikaanza kumiminika, ya Lubumbashi, ya Ndola, ya Ubelgiji. Niliinama nikapangusa fanta miguuni kwa ncha ya kitenge. Mchimbaji akaanza, wengine wakamfuata, wakasimama wote watatu, na wakanipigia makofi.