Baruti ya Mahlon kwenye Waridi la Erma

Mahlon Fetterolf aliendesha gari la maziwa katika bonde la Mahantongo mpaka mgongo ukamkatalia, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisifu kitu. Umpe chakula kitamu, atasema kinalika. Umwonyeshe mjukuu mchanga, atasema ana masikio. Lakini ukimtajia baruti, basi vua koti ukae, maana huondoki leo.

Wala si kwamba alipenda kelele. Alichopenda ni ule ukimya wa ndani ya kopo. Vipunje vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha, vimelala tu. Ukivimwaga chini na kuvitia kiberiti vinawaka fyuu, vimekwisha, hata paka hashtuki. Lakini hivyo hivyo ukivitia ndani ya ganda dogo la shaba, ukaweka fataki, kile kidude cha kuwasha moto, kitakoni na risasi nyembamba kuliko penseli mdomoni, vinaituma ile risasi ng'ambo ya shamba kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mahlon alijaza maganda yake mwenyewe tangu ujana, na bado kila akimaliza ganda la kwanza la siku alilishika kwenye mwanga akatikisa kichwa. "Haiingii akilini," alimwambia mkewe, Erma. Erma alimjibu kwamba hata yeye Mahlon haingii akilini, na bado anampikia.

Kwa watu wa bonde lile, mwanamume anayekuja kwenye mashindano ya shabaha na risasi za dukani zilizokwisha kujazwa hutazamwa kama mwanamke aliyepeleka msibani pai ya kununua. Hasemwi, ila anaonekana. Mambo yalianzia mashambani, kwa mabuku wa huko, wanene kama paka aliyeshiba, ambao huchimba mashimo kwenye majani ya ng'ombe mpaka ng'ombe anavunjika mguu. Wazee walianza kujaza risasi nzuri ili kuwapata mabuku kwa mbali, kisha wakaanza kubishana nani analenga vizuri zaidi, na ubishi huo ukawahamisha kutoka kwa mabuku mpaka kwenye karatasi. Sasa kila kiangazi wanakaa mezani na bunduki zao, kila mmoja anapiga risasi tano kwenye karatasi yake, halafu wanapima zimekaribiana kiasi gani. Ndoto ya kila mtu pale ni moja tu, risasi zote tano zipite kwenye tundu moja. Mahlon alikuwa amezeeka bila kuipata. Mara moja nne zilikubali, ya tano ikatoka pembeni kwa ukaidi wake tu, na aliinunia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumnunia binadamu.

Halafu macho yakaanza. Daktari wa mjini alimwambia kwamba kinachokufa ni katikati ya kuona kwake, pembeni patabaki, na dawa hakuna. Jicho la kulia lilikwisha kwenda. La kushoto, kwa msaada wa ile darubini kubwa ya kwenye bunduki, lingemvusha labda kiangazi hiki. Mahlon alivaa kofia akarudi nyumbani, na Erma alipouliza daktari kasemaje, akasema kasema ni uzee. Alimjua Erma. Angefunga chumba cha chini chenye meza yake ya baruti na kuuficha ufunguo kwenye unga, na yeye angeingia gizani bila lile tundu moja. Aliogopa hilo kuliko giza lenyewe.

Na baruti yake nayo ilikuwa inakwisha. Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, akabakiwa na kopo moja, la mwisho, alilolitunza kwa ajili ya shindano la Agosti. Kopo kama hilo huwezi kulimaliza kwa mazoezi. Alihitaji baruti nyingine ya kuchezea, kwa hiyo akaendesha polepole, pembeni kabisa mwa barabara, mpaka kwa Lamar Dunkelberger.

Duka la Lamar zamani lilikuwa banda la ng'ombe, na siku za mvua bado lilinuka hivyo. Ukutani kulikuwa na rafu ya baruti. Zile za haraka, za bastola na za bunduki za kuwindia ndege, zilikuwa mkono wa kushoto, na kadiri unavyokwenda kulia ndivyo zinavyokuwa za polepole, mpaka zile za bunduki kubwa za kuulia dubu. Ukitia ya haraka mahali pa ya polepole, bunduki inakupasukia usoni. Ndiyo maana hakuna mwenye akili anayechukua kopo pale kwa rangi yake. Mahlon alifika mbele ya rafu akavua kofia, kama kawaida yake.

"Mzee Mahlon, leo umekuja kununua au kusali?" Lamar alimuuliza. Lamar alikuwa mtu wa mdomo, na ndiye pia aliyesimamia mashindano ya klabu yao ya shabaha.

Wakabishana vizuri. Lamar alimsifia baruti moja ya vipunje vya mviringo, inayoteremka kwenye kipimio kama maji. Mahlon akasema maji atakunywa nyumbani, yeye anataka vijiti vifupi kama vya baruti yake. Mwishowe Lamar akashusha kopo la mpya, akasema tabia yake inakaribia ile ya marehemu, ila siyo yenyewe, aanze na kidogo kama kitabu kinavyosema na apande taratibu. Mahlon akachukua na fataki, na boksi la risasi tupu, zisizo na maganda, zilizotoka kiwandani pamoja, ili ziwe ndugu. Kisha akalileta kopo karibu na uso, akaitazama lebo, akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo hii," alisema.

Kopo lilikuwa limepinduka, miguu juu. Lamar akamtazama Mahlon, akalitazama kopo, na safari hii mzaha ukamkosa. Akachukua mpira mwekundu, ule mpana wa kufungia maboksi, akalizungushia kopo. Akasema makopo yote ni meusi siku hizi, asije akalifananisha na lile la zamani. Mahlon alishukuru kwa adabu zote. Barabarani akauvua ule mpira na kuutupa sakafuni mwa gari, kwenye matope. Kwani yeye mtoto?

Sasa, meza ya baruti ina sheria moja isiyo na mjadala. Kopo moja mezani. Ukimaliza, kilichobaki kwenye kipimio kinarudi kwenye kopo lake kabla hujafanya lolote, hata kama nyumba inaungua. Mahlon mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake klabuni, akigonga meza. Na Mahlon mwenyewe ndiye aliyeivunja. Alijaza ile mpya kwenye kipimio, kile cha kioo kilichofungwa ukingoni mwa meza, kisha akatamani kuzilinganisha. Akafungua lile kopo la zamani, akamimina kidogo kiganjani, na nyingine kwenye kiganja cha pili, akawa anazisugua kwa vidole, maana macho hayakumwambia kitu. Alisahau kila kitu pale. Alikuwa anastaajabu jinsi vitu viwili vinavyoweza kufanana hivyo na kuwa na hasira tofauti.

Erma akaita kutoka juu. Ndama wa jirani alikuwa ndani ya mahindi yake. Mahlon akakung'uta mikono, akapanda mbio, wakamfukuza yule ndama bustani nzima, na aliporudi chini alikuwa anatweta, ana njaa, anamtukana ndama kimoyomoyo. Akakifungua kipimio, akaimimina baruti yote kwenye kopo, akafunga kifuniko. Na chini ya kidole gumba akasikia kutu.

Kopo jipya halina kutu.

Akakaa chini. Akajiambia labda kipimio hakikuwa na ile mpya, labda alikwisha kuimwaga kabla ya ndama. Akafungua, akanusa, akazileta punje mpaka zikagusa kope. Ukungu mtupu. Akajiambia tena kwamba iliyoingia ni kidogo na iliyokuwamo ni nyingi, na kwamba angepunguza kipimo kidogo tu, na nani angejua? Kopo la mwisho, jamani. Kiangazi cha mwisho. Alikaa pale akijitetea kama wakili, na alikuwa anakaribia kushinda kesi, ndipo alipokumbuka Erma anakaa wapi siku ya shindano. Hukaa kwenye kigoda upande wake wa kulia, na darubini yake ya miguu mitatu, akimwambia risasi imeangukia wapi. Kichwa chake huwa sawasawa na chemba ya bunduki, pale baruti inapolipukia.

Mahlon akalichukua kopo akapanda ngazi.

Huko kwao baruti iliyoharibika haitupwi ovyo, humwagwa kwenye maua, kwa kuwa maua huipenda kama samadi. Erma alimkuta kwenye waridi lake, kofia mkononi, anamwaga. Kopo lile alilijua. Alikuwa akilifuta vumbi kila alipofagia chini kule.

"Si ile ya zamani hiyo?"

"Ilikuwa."

"Umechanganya," Erma alisema, na hakuwa anauliza.

Basi akamwambia. Akamwambia ya kipimio, ya daktari, ya jicho la kulia na la kushoto, yote, huku ameliangalia waridi ambalo hata hakuliona sawasawa. Alipomaliza akangoja akemewe. Erma alikuwa analia, na alikasirika kwa kuwa analia.

"Mahlon, tangu Pasaka unanitilia chumvi kwenye kahawa, na mimi nakunywa. Ulidhani naipenda?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa mpira mwekundu, umeoshwa. Lamar alimpigia simu siku ile ile ya dukani, na mpira wenyewe Erma aliuokota garini. "Haya, lete hilo jipya. Twende chini."

Maisha yao yote Erma alishuka chini kule kufagia tu. Sasa alivuta kiti akakaa mezani. Akalifunga kopo jipya mpira wake, akaisoma lebo kwa sauti, yote, mpaka anwani ya kiwanda, na Mahlon hakuthubutu kumwambia anwani haihitajiki. Kazi ya mikono ikabaki kwa Mahlon, nayo haikuwa na kasoro, vidole vilijua njia. Kazi ya macho ikawa ya Erma. Alisoma mzani, akachungulia kila ganda, akamwambia hili rudisha, hili limezidi punje. Siku nyingine walikwenda kwenye kiwanja cha shabaha kujaribu, wakaanza na kidogo, wakapanda, wakabadilisha, wakarudi, mpaka ile baruti mpya ikaanza kuonyesha adabu. Jioni moja Erma alishika ganda lililokamilika, akaligeuza kwenye mwanga. Aliuliza kama ni kweli kwamba hicho kidogo alichokipima yeye ndicho kinachofanya yote yale. Mahlon akasema ndicho.

"Haiingii akilini," Erma alisema.

Agosti ikafika. Akina mama wa kanisani waliuza supu ya kuku na mahindi chini ya hema, na vibendera vya kusomea upepo vilisimama uwanjani vikicheza polepole. Zamu ya Mahlon ilipofika, aliinama kwenye bunduki, akamezwa na ile darubini. Katikati ya karatasi hakukuwa na kitu, ukungu tu. Aliona duara lililouzunguka, basi, akauweka ukungu katikati ya duara. Erma akamnong'oneza jinsi vibendera vinavyolala. Akapiga.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Nzuri."

Akapiga ya pili.

"Umeiona?"

"Sijaiona," Erma alisema.

Moyo wa Mahlon ukashuka. Risasi isiyoonekana imetoka nje ya karatasi. Akapiga ya tatu, na Erma akasema hiyo nayo hajaiona. Alitaka kuinuka. Erma akaweka mkono mgongoni kwake, akamwambia apige tu, vibendera vimelala, na sauti yake ilikuwa ngeni. Akapiga ya nne. Akapiga ya tano. Akabaki ameinama, amefumba macho yote mawili, lile lililokufa na lile linalokufa, na aibu ikimuunguza masikio.

Lamar ndiye aliyekwenda kuleta karatasi. Alirudi polepole, na watu waliokuwa kwenye supu walianza kuinuka mmoja mmoja, kwa jinsi tu alivyokuwa anatembea. Alikuwa amevua kofia. Hakutania. Alikichukua kidole cha Mahlon akakiweka kwenye karatasi.

"Tundu ni hili," alisema.

"Na mengine?"

"Hakuna mengine, mzee."

Mahlon akatafuta pembeni kwa kidole, juu, chini, kulia. Karatasi nzima ilikuwa laini. Kilikuwapo kitundu kimoja, ambacho hata kidole chake cha mwisho hakikuingia. Akasema basi nyingine zimepotea, hakuna binadamu wa kufanya hivyo. Hapo Lamar akampa karatasi ya pili. Nyuma ya kila shabaha pale hutegwa karatasi nyingine inayosogezwa taratibu na mota, ili mtu asije akadai risasi zake zimepita tundu moja ilhali zimekwenda msituni. Kila risasi huacha alama yake peke yake huko nyuma. Erma alikiongoza kidole kwenye ya kwanza, kisha akakiachia kiende chenyewe. Kilitambaa, kikakuta tundu la pili, na la tatu, na la nne, yote kwenye mstari. Kwenye la tano kikasimama. Watu wazima walikuwa wamesimama kuwazunguka wakitazama kidole cha mzee.

Mahlon alirudi kwenye lile tundu moja la mbele akaligusa tena, halafu yale matano, halafu lile moja.

Baadaye Lamar alikuja kuuliza kama mzee atapiga duru ya pili, maana jina lake limo.

"Hapana," Mahlon alisema. "Ningepiga tena kama nisingeliona hili. Nimeshaliona."

Kisha akamwomba Erma amletee supu, na alipoionja akasema ni tamu.