Mafungu Thelathini ya Mwaija

Wifi yangu Mwaija binti Kitwana alisokota kamba pale Mlingotini tangu hajavunja ungo. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni, kwenye mashimo yanayofunikwa na maji yakijaa, yakakaa miezi hadi yalainike. Kisha hupondwa, usumba, yaani nyuzi zake, ukatoka, ukasokotwa kwa viganja. Mwaka wa hamsini na tatu, enzi za Mwingereza, viganja vyake vilikuwa vimepasuka hata kukanda unga hawezi. Alikuwa mjane, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Mwaka huo serikali ikatangaza mpango wa kukuza kazi za mikono. Msokota kamba atakayemwonyesha Bwana Maendeleo, ofisa wa mpango huo, mafungu thelathini yaliyo tayari, atapewa bure gurudumu la chuma la kusokotea, na mwaka mzima hatatozwa ushuru sokoni. Gurudumu lilikuwa moja tu kwa kijiji kizima. Mwaija akalitaka kama mgonjwa anavyotaka dawa, na kwa kuwa aliogopa kijicho kuliko nyoka, hakumwambia mtu. Hata mimi, mke wa kaka yake, niliyekaa naye ua mmoja! Niliona tu mafungu yakirundikana bandani, nikadhani anamngoja mnunuzi.

Asubuhi moja alijitanda kanga mpya.

"Wifi, nakwenda Zinga kumtazama mgonjwa," akasema. "Banda langu niangalizie."

"Nenda kwa amani, wifi. Halitaguswa."

Jua halijakaza, mzee Mwishehe akapita na baiskeli yake, anahema, akatupa habari: Gari la serikali liko Zinga, likimaliza shughuli zake linakuja huku. Ewe Mola wangu! Gari la serikali tulilijua. Mwaka uliotangulia lilikuja la kodi, likaondoka na mbuzi wetu wawili na mkeka wa arusi yangu. Tangu hapo likitajwa tu, kila nyumba inaficha vyake.

Mume wangu alikuwa Fukayosi shambani. Nikayatazama yale mafungu thelathini, nikamwona kwa mawazo Mwaija anarudi anakuta banda tupu. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikayabeba kichwani, safari baada ya safari, nikayafukia kwenye mashimo yetu ya makumbi na kuyakandamiza kwa mawe. Nilipomaliza shingo haigeuki, na nikajiona mwanamke wa maana.

Adhuhuri imepita, maji yamejaa, gari likasimama uani. Wa kwanza kushuka alikuwa Mwaija, anacheka. Nyuma yake kijana mwenye kaptula na daftari; kumbe ndiye aliyemfuata Zinga.

"Karibu, Bwana Maendeleo, ujionee mwenyewe," akasema, akausukuma mlango wa banda.

Akachungulia ndani. Kisha akageuka.

"Wifi, kamba zangu ziko wapi?"

 Nikaonyesha bahari kwa kidole.

Bwana Maendeleo hakuwa mtu mbaya. "Mama, nimeagizwa niandike ninachokiona," akasema. "Na orodha inafungwa leo, jioni natakiwa Bagamoyo."

"Ngoja maji yapwe, mwanangu," Mwaija akamsihi.

"Yatakupwa saa ngapi?"

"Baada ya magharibi."

Akatikisa kichwa.

Mwaija akaingia baharini na kanga yake mpya, nami nikamfuata. Maji yakamfika kifuani. Akawa anazama, anapapasa mawe, anaibuka na fungu, ananitupia, anazama tena. Viganja vile na maji ya chumvi! Nililia bila kujificha. Bwana Maendeleo alisimama ufukweni akihesabu kwa sauti, nadhani kwa kututia moyo. Alifika kumi na moja. Kisha dereva akapiga honi, mara mbili, na kijana akafunga daftari lake.

Gurudumu lilikwenda kijiji kingine. Watu wakasema wifi ni wifi tu, kijicho kilimshika. Walisema kisimani, walisema arusini, na mimi nipo. Hayo niliyavumilia. Nilichoogopa ni Mwaija mwenyewe kuyasema, na siku nyingi nilikula nikimtazama mdomo. Hakuyasema.

Alisokota kwa viganja miaka sita mingine, mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Kila jioni alikuja kuketi kibarazani kwangu, akaninyooshea mikono yote miwili, nami nikampaka mafuta ya nazi.

"Taratibu hapo, wifi," ndilo neno pekee aliloniambia juu ya mikono ile.